Ndoa Imefungwa, Je, Imeandikwa? Taratibu za Kibali na Kumbukumbu za Ndoa



Wapendwa wasomaji, katika toleo hili tumeona vema kueleza jambo ambalo kamati nyingi za sharika huliacha kwa mchungaji na karani peke yao, nalo ni uandikishaji wa ndoa na utunzaji wa kumbukumbu zake. Tumesukumwa kuandika na habari ya mama mmoja mjane, mwanachama wa kikundi cha hisa katika mojawapo ya sharika zetu.

Mama huyo alifunga ndoa kanisani mwaka 1984. Mumewe alipofariki, alikwenda kufuatilia mafao katika mfuko wa hifadhi ya jamii, akaombwa cheti cha ndoa. Hakuwa nacho. Kilipotea miaka mingi iliyopita walipohama nyumba, na kilichobaki ni picha moja ya harusi. Upande wa mume hawakumkana waziwazi, ila maneno yakaanza kusikika kwamba hakuna anayejua kama wawili hao walifunga kweli, na kwamba hata mahari haikuisha.

Nasi hatukumsaidia vizuri mwanzoni. Tulimpa nauli ya kwenda Dar es Salaam kutafuta nakala, akarudi mikono mitupu kwa sababu hakukumbuka tarehe kamili wala namba ya cheti. Tukampa nauli mara ya pili, yakawa yaleyale. Baada ya miezi kupita ndipo mwinjilisti mmoja mstaafu alipotuuliza swali ambalo sisi tulipaswa kuuliza siku ya kwanza: "Mwaka ule hapa tulikuwa mtaa tu. Mmetafuta kwenye vitabu vya usharika mama?" Hatukuwa tumetafuta. Kitabu kilikuwa huko, na ndoa ilikuwa imeandikwa humo, kwa jina la ubatizo la marehemu ambalo hakulitumia kazini. Tulipopeleka tarehe sahihi na namba ya cheti, utafutaji uliokwama mara mbili ukafanikiwa. Mama alipata haki yake, lakini binti yake wa mwisho alikuwa ameshaahirisha mwaka mzima wa masomo chuoni kwa kukosa ada.

Tunaandika ili familia nyingine isipoteze mwaka kwa jambo ambalo lilikuwa kwenye kabati la kanisa muda wote.

SHERIA INASEMAJE

Ndoa zote Tanzania Bara zinaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hii iliunganisha chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali, ambazo kabla ya hapo ziliongozwa na sheria na taratibu mbalimbali. Zanzibar ina taratibu na ofisi zake, hivyo mshirika aliyefunga ndoa huko afuatilie kumbukumbu zake hukohuko.

Kwa upande wa Bara, mwenye dhamana ya kumbukumbu za ndoa ni Msajili Mkuu aliye chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulioanza kazi mwaka 2006 ukichukua majukumu ya ofisi iliyojulikana kama Kabidhi Wasii Mkuu. Ndiyo maana wazee wetu wengi bado husema "nenda kwa Kabidhi Wasii". Wilayani, shughuli za usajili hufanyika katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, chini ya Katibu Tawala wa Wilaya. Wengi huziita ndoa zinazofungwa hapo "ndoa za bomani".

Mchungaji anapofungisha ndoa anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Anahudumu kama mtumishi wa Mungu, na pia anatenda kwa niaba ya dola, kwa leseni aliyopewa na Msajili Mkuu. Kwa hiyo kazi yake haiishii kwenye Baraka ya mwisho. Baada ya ibada kuna kuandika kwenye kitabu, kutia sahihi wanandoa na mashahidi wasiopungua wawili, kuwakabidhi wanandoa cheti chao, na kupeleka taarifa ya ndoa hiyo kwa Msajili Mkuu. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Usharika ukiweka taarifa kwenye droo kwa mwaka mzima, wanandoa watakuwa na cheti mkononi, lakini siku kikipotea hawatapata nakala kwa urahisi.

KARATASI TATU ZINAZOCHANGANYWA

Tumegundua kwamba watu wanaposema "kibali cha ndoa" huwa wanamaanisha vitu vitatu tofauti.

Kwanza, kuna leseni ya mfungishaji ndoa. Hii ni ya mchungaji, si ya maharusi. Mchungaji mgeni anapoalikwa kufungisha ndoa, mzee wa kanisa asione haya kuuliza kama leseni yake ipo na ni hai.

Pili, kuna taarifa ya kusudio la kufunga ndoa. Hii ndiyo inayowahusu maharusi wengi. Sheria inawataka watoe taarifa angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa, ikieleza majina yao, umri, makazi, wazazi wao, na kama mmoja wao alikuwa na ndoa kabla. Aliyefiwa huonyesha cheti cha kifo cha mwenzi wake, na aliyetalikiwa huonyesha amri ya talaka ya mahakama. Barua ya ukoo kwamba "tumewaachanisha" haitoshi.

Tatu, kuna leseni maalumu ya ndoa inayotolewa na Msajili Mkuu kwa wale ambao kwa sababu ya msingi hawawezi kusubiri muda wa taarifa, kwa mfano anayesafiri ghafla au mgonjwa. Hii si njia ya mkato ya wale waliochelewa kwa uzembe. Mwombaji huiomba RITA, akieleza sababu na kuambatisha vielelezo, na hulipa ada. Kwa kuwa ada hubadilika, hatuziandiki hapa. Ulizeni ofisini kabla ya kusafiri, na daini stakabadhi ya serikali.

Kwa washirika wanaotaka kufunga ndoa nje ya nchi, nchi nyingi huwadai hati ya kutokuwa na pingamizi la ndoa. Hiyo nayo hutolewa na RITA.

HESABU YA JUMAPILI TATU

Hapa tunaomba kamati zisome kwa makini. Desturi yetu ni kutangaza ndoa Jumapili tatu mfululizo, na wengi huamini kuwa Jumapili tatu ni sawa na siku 21. Tuhesabu. Tuseme tangazo la kwanza limesomwa Jumapili tarehe 1, la pili tarehe 8, la tatu tarehe 15. Harusi ikiwekwa Jumamosi inayofuata, hiyo ni tarehe 21. Toka tarehe 1 hadi tarehe 21 ni siku 20. Imepungua siku moja.

Dawa yake ni rahisi. Maharusi wajaze na kukabidhi fomu zao katika juma linalotangulia tangazo la kwanza, na karani aandike tarehe ya kupokea na kutia sahihi. Muda uanze kuhesabika kutoka siku hiyo. Sharika zenye utaratibu wa kupokea fomu mwezi mmoja kabla hazijawahi kupata shida hii, na pia hupata nafasi ya kutosha ya mafundisho ya ndoa.

Tangazo si mapambo ya ibada. Lipo ili mwenye pingamizi ajitokeze mapema. Pingamizi likitolewa, mchungaji na baraza la wazee wasijigeuze mahakama. Ndoa isimame, mwenye pingamizi aandike maelezo yake, na jambo lifikishwe kwa msajili, maana mwenye mamlaka ya kuliamua ni mahakama.

Kuhusu umri, tuseme bila kuzunguka. Sheria ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinavyohusu jambo hilo vinakwenda kinyume cha Katiba, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha uamuzi huo. Kamati ya usharika isipokee fomu ya binti au kijana aliye chini ya miaka 18, hata kama baba na mama wamekuja wenyewe na ng'ombe wameshatolewa. Ombeni cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, cheti cha ubatizo kitasaidia kulinganisha miaka, na familia ielekezwe kufuatilia cha kuzaliwa.

WALIOISHI PAMOJA BILA KUFUNGA

Katika sharika zetu wapo wengi walioanza maisha kwa taratibu za kimila, wakazaa na kusomesha, ndipo wanakuja kubariki ndoa. Tunawapokea kwa furaha. Hata hivyo, karani aulize kwanza: je, kuna cheti cha bomani au ndoa ya kimila iliyosajiliwa? Kama kipo, nakala yake iwekwe kwenye faili, na baraka iandikwe kama baraka. Tarehe ya ndoa ya mwanzo isifutwe kwa tarehe ya ibada, kwani mali na watoto wa miaka yote hiyo wanaitegemea.

Sheria inawataka waliofunga ndoa ya kimila waombe kuisajili ndani ya siku 30. Waliochelewa wasijifiche. Wafike ofisi ya msajili wilayani waelekezwe.

Tunapenda pia kuondoa hofu mbili. Ya kwanza ni ile ya mjane wetu kuhusu mahari. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa kinaeleza kwamba ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu ya mahari kutokamilika, wala kwa sababu tu haikusajiliwa. Ya pili ni ya wale wasio na ndoa ya namna yoyote. Kifungu cha 160 kinaruhusu mahakama kudhania kuwapo kwa ndoa endapo mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa. Mama atahitaji mashahidi, nauli na siku nyingi za mahakamani, wakati mwenye cheti huonyesha karatasi moja tu.

JINSI YA KUTAFUTA KUMBUKUMBU ILIYOPOTEA

Kutokana na makosa yetu wenyewe, tunashauri mpangilio ufuatao.

1. Anzeni nyumbani. Kusanyeni picha za harusi, kadi za mwaliko, vyeti vya ubatizo vya watoto na majina ya wasimamizi. Lengo ni kupata tarehe, mahali, na jina la mchungaji aliyefungisha.

2. Ulizeni historia ya usharika. Mitaa mingi imekuwa sharika kamili, na vitabu vya zamani mara nyingi vilibaki usharika mama. Sharika za kwanza za maeneo ya misheni zina vitabu vya zamani sana. Wamisionari wa Bethel walianza kazi Mlalo, Usambara, mwaka 1891, mwaka huohuo wa Berlin walianza upande wa Nyasa, na wale wa Leipzig wakaanza Machame mwaka 1893. Kitabu cha enzi hizo huweza kuandikwa kwa Kijerumani, kwa mwandiko ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa shida. Kisitupwe kwa sababu hakisomeki.

3. Tafuteni kwa majina yote. Marehemu aliweza kuandikwa kwa jina la ubatizo kanisani, jina la ukoo shuleni, na jina la baba kwenye kitambulisho cha Taifa. Pitieni miezi kadhaa kabla na baada ya tarehe mnayoidhani, maana kumbukumbu za familia huteleza.

4. Angalieni mipaka ya utawala. Ndoa iliyofungwa Njombe kabla ya mwaka 2012 itaonyesha Mkoa wa Iringa, kwa sababu Njombe haikuwa mkoa bado. Wilaya nazo zimegawanywa mara kwa mara. Someni jina la wilaya kama lilivyokuwa siku ya ndoa.

5. Mkishapata, msing'oe ukurasa wala msitoe kitabu nje ya ofisi. Karani anakili mwaka, namba, majina na tarehe, na mchungaji aandike barua ya utambulisho yenye muhuri wa usharika.

6. Ndipo mwende kwa msajili wilayani au RITA kuomba utafutaji na nakala iliyothibitishwa. Aliyepoteza cheti apitie kwanza polisi kuchukua taarifa ya upotevu. RITA sasa hupokea maombi ya huduma zake kadhaa kwa mtandao kupitia mfumo wa eRITA, hivyo kijana mwenye simu nzuri katika usharika anaweza kumwokolea bibi nauli. Asikubali tu kupeleka namba ya siri na nyaraka zake kwa wapita njia wanaojiita mawakala.

7. Majina yakitofautiana kati ya kitabu na kitambulisho, dawa ni hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Karani asikubali kufuta na kuandika upya kwenye kitabu cha ndoa, hata akibembelezwa vipi. Kitabu kilichofutwafutwa hakimsaidii mtu mahakamani, na huweza kumwingiza karani mwenyewe matatani.

HALI YA VITABU VYETU

Tulipoanza kutembelea sharika baada ya habari ya mama yule, tulikuta hali za kila namna. Mahali pamoja vitabu vimefungwa kwa kitambaa na kuorodheshwa kwa mwaka, na mama karani alitupatia tulichoomba kabla chai haijapoa. Mahali pengine kitabu cha ndoa kilikuwa sakafuni chini ya mifuko ya saruji, na mchwa walikuwa wameshamaliza kona ya chini ambako ndiko mashahidi walikotia sahihi. Paa linalovuja juu ya sanduku la vitabu limefuta wino wa miaka kadhaa. Kuna usharika ambao mchungaji alipohamishwa kitabu kilisafiri pamoja na mizigo yake, na ilichukua muda kukirudisha. Hakukuwa na nia mbaya. Hapakuwa na makabidhiano ya maandishi, basi.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za sharika, kabla ya mkutano mkuu ujao, zifanye mambo haya manne:

- Kuhesabu vitabu vyote vya ndoa, ubatizo na vifo vilivyopo, kuandika miaka vinayohusu, na kuleta orodha ofisi ya jimbo.
- Kuhakikisha kila kitabu kimeinuliwa kutoka sakafuni na kufungiwa, ufunguo mmoja kwa mchungaji na mwingine kwa karani.
- Kuingiza vitabu hivi katika hati ya makabidhiano kila mchungaji au karani anapobadilika.
- Kuwa na daftari dogo la kuonyesha siku taarifa ya kila ndoa ilipopelekwa kwa msajili, na aliyeipokea.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha nyingi. La kwanza linahitaji asubuhi moja.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Ndugu zetu mnaotushika mkono, tunajua kwamba kisima huonekana kwenye picha na kabati halionekani. Sisi wenyewe hatukuwahi kuliweka kabati katika mpango kazi wa mradi wa akina mama. Tulitoa mafunzo ya hisa, mbegu na mbuzi, tukifurahi kuona kipato kikipanda. Kisha tukaona jinsi mume anapofariki, mbuzi na shamba huweza kuondoka ndani ya kikao kimoja cha ukoo kwa sababu mama hana cha kuonyesha. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 59, inamzuia mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwingine. Ulinzi huo ni mzuri, ila unaanza na swali lilelile: je, wewe ni mke wake? Onyesha.

Tunachoomba ni makabati ya chuma kwa sharika zenye vitabu vya zamani zaidi, semina za siku mbili kwa makarani kwa kila jimbo, na kamera ya kunakili kurasa zilizoanza kuharibika. Mchanganuo wa gharama upo ofisi ya mradi, na tutautuma kwa kila atakayeuhitaji.

Mama yetu anaendelea vizuri, na binti amerudi chuoni. Mwezi uliopita alikuja ofisini akiwa na bahasha ya nailoni. Ndani yake alikuwa ameweka nakala mpya ya cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na ile picha ya harusi. Alituambia kwamba katika kikundi chao sasa kila mwanachama ana bahasha kama hiyo, na kwamba wanne kati yao wamegundua vyeti vyao havijulikani vilipo. Tumeshaanza kupitia vitabu vya usharika mama kwa ajili yao, na safari hii hatujatoa nauli ya Dar es Salaam kwa mtu yeyote.

Mungu awabariki, na azibariki ndoa na familia zenu.

Ofisi ya Mratibu wa Mradi